Mzigo wa Siku ya Tisa

Nyumba ya Jaukala iko juu ya yangu, ngazi tatu za mashamba kupanda mlima. Kwa miaka mingi nilimwona akipita asubuhi na tenga la nyasi mgongoni, mkanda wake umemkaza paji la uso, nikadhani namfahamu. Kwenye arusi wanawake wote tunachuchumaa kumenya vitunguu, yeye anasimama, ameegemea nguzo. "Jaukala anaogopa kuchafua nguo," wenzangu walimcheka. Naye alicheka nao.

Mimi ndiye mjumbe wa afya wa kijiji. Nina mkoba wa dawa, na mara mbili kwa mwaka nazunguka nyumba hadi nyumba kuwadondoshea watoto vitamini. Kwake nilifika mara nyingi. Niliuliza watoto wanakula nini, wanaharisha au la. Mama yao sikumuuliza neno. Mengi ya haya alinieleza baadaye.

Aliolewa ana miaka kumi na sita, akitokea ng'ambo ya mlima. Mumewe, Birkha, alikuwa mlinzi wa magorofa Bombay kama wanaume wetu wengi, akirudi nyumbani kila baada ya miaka miwili. Padam, mtoto wao wa kwanza, alizaliwa zizini, kama desturi yetu, mwezi wa kupandikiza mpunga. Mama mkwe hakuwa mtu mbaya, ila mikono ilikuwa michache na nyati wao wa maziwa alikuwa na njaa. Siku ya tisa akamwambia, "Mimi nimezaa saba na sikulala hata mara moja. Chukua mundu."

Nyasi zilikuwa zimelowa mvua. Jaukala alipojiinua na tenga pale mteremkoni, alihisi kitu kinashuka ndani yake, kikatoka. Alidhani ni utumbo. Akakaa chini kwenye matope akingoja kufa. Hakufa. Mvua ikazidi, na mtoto alikuwa nyumbani anataka kunyonya. Basi akakirudisha kwa vidole, akajitweka tenga upya, akateremka.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na kwa maneno gani? Alijifunga vitambaa. Akazaa mabinti wawili katika hali hiyohiyo. Akienda shambani hakunywa maji, maana mkojo haukumngojea tena. Birkha aliporudi likizo alihamishia mkeka wake barazani. "Unanuka," alimwambia, na hakuuliza kwa nini. Mwaka mmoja alitangaza mbele ya ndugu zake kwamba ataoa mwingine, mwenye afya. Jaukala alikuwa anakanda unga, akaendelea kukanda. Mke wa pili hakuja, lakini tangu siku hiyo alipika kila mlo akijua kwamba anaweza kufukuzwa.

Mabinti wakaolewa. Padam naye akaoa, akaenda Bombay, akamwacha mkewe Dhansara kwa mama yake. Dhansara ni msichana wa maneno mengi, amesoma mpaka darasa la nane. Mimba aliyoachiwa ilipojitokeza, alianza kuja kwangu na machozi.

"Shangazi, mama hanipendi."

"Amekufanya nini?"

"Hanifanyi kitu, ndiyo shida. Nikishika mtungi ananyang'anya kama nimeuiba. Tenga hataki hata nilisogelee. Huko mtoni wananiita malkia wa Bombay. Kwani ananiona sina nguvu, au ananiona mchafu?"

Nikapanda kumsema Jaukala. "Mwache mtoto wa watu ajitikise," nikamwambia. "Mimba si ugonjwa."

"Hayo ndiyo wanayowafundisha, Bishna?" akaniuliza, akaendelea kupepeta mchele.

Dhansara alijifungulia zahanati, mtoto wa kike, salama. Wakati huo Birkha alikuwa amerudi moja kwa moja, kifua kimeharibika, anashinda barazani akikohoa na kutoa amri. Siku ya kumi na mbili nilipanda kumpima mtoto uzito, nikamkuta Birkha amesimama uani.

"Nyati analia toka asubuhi," alisema. "Humu mna wanawake wawili. Hivi mke wa mtu analala kitandani siku ngapi, mwaka mzima?"

Dhansara kwa haya alikuwa ameshaliinua tenga. Jaukala akatoka jikoni, mikono ina unga wa ulezi, akalishika kwa upande wa pili.

"Liache."

"Mama, niache niende. Watu wanasema."

"Waseme."

"Huyu unamharibu," akasema Birkha. "Wewe mwenyewe ulilala siku ngapi?"

"Siku ya tisa nilikuwa mlimani," akajibu Jaukala. "Wewe ulikuwa Bombay. Siku hiyo kizazi kilinitoka, nikakirudisha kwa mkono huu. Mpaka leo kinatoka. Nikichuchumaa kinatoka, nikikohoa kinatoka. Ndiyo harufu uliyoikimbia, baba Padam. Sasa unataka na huyu anuke?"

Hakupaza sauti. Kikohozi kikamshika Birkha, akaenda kukaa ukingoni mwa shamba akatupa mgongo. Dhansara aliliachia tenga. Mimi nilikuwa nimesimama na mizani mkononi, na aibu niliyoiona siku ile sijaisahau.

"Miaka mingapi, dada?" nikauliza.

"Padam ana miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Basi."

Baada ya mavuno madaktari walipiga kambi makao makuu ya wilaya. Tulitembea siku nzima, tukipumzika kila mwinuko. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mwanawe. Alimwambia kizazi kitolewe, kisha asinyanyue kitu kizito miezi sita.

"Daktari, nyati wako analishwa na nani?" Jaukala akamuuliza.

"Sina nyati, mama."

"Ndiyo maana."

Akakubali pete ya mpira ya kukishikilia, tukarudi. Pete ilimkwaruza, na majira ya kuchipua yalipofika akaanza kutoka damu. Dhansara akampigia simu Padam. Sijui alimwambiaje, maana si mambo ya kumweleza mwanamume juu ya mama yake. Padam akamwambia baba yake nyati auzwe, mama atibiwe. Birkha akagoma. Akasema nyati huyo hauzwi, atamlisha mwenyewe.

Na kweli alibeba tenga. Nilimwona akishuka na nyasi, mkanda umemteleza mpaka machoni, na wazee wenzake pale kwenye kibanda cha chai wanapigana viwiko. "Birkha kaolewa," mmoja akasema. Akapita bila kugeuka. Alifikisha siku kumi na sita, kifua kikamshinda, akampeleka nyati kumuuza kijiji cha chini kwa mkono wake mwenyewe. Neno la kuomba radhi hakulisema. Nilimuuliza Jaukala kama analingoja.

"Aanzie wapi?" alinijibu. "Mimi mwenyewe nilitumia miaka ishirini na mmoja kulitafuta neno la kuanzia."

Alipasuliwa, akapona, ingawa mgongo bado unamsumbua na ngazi za mlima hazimalizi kwa mkupuo mmoja. Wiki ya tatu nilikwenda kumtazama. Alikuwa amelala juani, Dhansara anamtia mafuta nywele na kumsimulia habari za kijiji kizima, nusu yake uongo.

"Mwambie aninyamazie kidogo, Bishna," akasema Jaukala. "Anaongea kuliko redio."

"Mama, umekatazwa kunyanyua vitu vizito, hukukatazwa kusikiliza."

Mtoto akaamka, akalia. Dhansara akaingia ndani kumkorogea maziwa ya unga, maana ya kifuani kwake yalikuwa machache. Jaukala akageukia zizi. Mlango ulikuwa wazi, kamba ya nyati bado imefungwa kwenye kigingi.

"Alikuwa anamjua huyu mtoto," aliniambia. "Alikuwa akimnusa kichwani."

Kisha akajifunika uso kwa ncha ya shali na kulia kwa muda mrefu. Katika yote aliyowahi kunieleza, hapo ndipo nilipomwona akitoa machozi. Nilikaa naye mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, nikamsaidia kuinuka, tukaingia ndani.