Nyumba Aliyoiruka Husna

Mpunga ulikuwa unachanua Kihurio pale Husna alipoanza kupita nyumba hadi nyumba, mwanawe Abdulmalik mgongoni. Kijiji kilikuwa kimemchagua kuwa mhudumu wa afya. Kliniki ya kupima saratani ya mlango wa kizazi ilishakuja zahanati, lakini wanawake waliojitokeza walikuwa wale wale, wake wa walimu na wenye maduka. Sista Eliwaza, muuguzi, akataka kujua wengine wanakwamia wapi, akampa Husna karatasi za maswali. Umesoma hadi darasa la ngapi? Nyumbani mnasema lugha gani? Nani hukuruhusu kutoka? Unatokwa na damu isiyo ya siku zako?

"Loo, Mama Malik!" jirani yake Ummy alimcheka, ungo mkononi. "Kansa nayo siku hizi inauliza kabila?"

"Haiulizi, dada. Tunataka tujue nani anaachwa."

"Basi niandike mimi. Mume wangu akisikia nimevuliwa nguo na daktari mwanaume, leo leo nalala kwa mama yangu."

Wakacheka. Husna akaandika, Sista akaleta muuguzi mwanamke, na Ummy akapimwa.

Nyumba iliyomshinda ni ile aliyolala mwenyewe. Bi Mwanaasha, mama mkwe wake, hakuwa mzee. Jarubani, kwenye mpunga, alipalilia akawaacha wasichana nyuma. Lakini mkwe ni mkwe. Mke wa mwana haulizi hata mama mkwe kalala vipi, sembuse habari za damu. Husna alishaona kanga zikifuliwa kabla ya adhana ya alfajiri, zikaanikwa nyuma ya banda la mbuzi, mbali na kamba ya wote. Aliona, akainamisha macho. Angeweza kumwomba mhudumu wa kitongoji cha pili aje kuuliza, ila hilo nalo aliliona ni kumvua mama nguo mbele za watu. Jioni moja, akinyonyesha, akamjazia karatasi mwenyewe bila kumuuliza: amefikiwa, hana tatizo.

Wakati wa mavuno Bi Mwanaasha alianguka jarubani, kanga imelowa. Idrisa, mume wa Husna, alimkimbiza mama yake hospitali ya Same kwa gari la mpunga, na huko wakaelekezwa Moshi. Walirudi na dawa za maumivu tu. Ugonjwa ulikuwa umeshatapakaa.

Sista Eliwaza alikuja kumjulia hali, na akiwa mlangoni akamsifu Husna kuwa kitongoji chake hakikuacha mtu. Alipoondoka, Bi Mwanaasha akaita kutoka kitandani.

"Mama Malik, lete karatasi zako."

"Za nini, Mama?"

"Uliingia kwa Ummy. Uliingia hadi kwa Wamasai wa kule korongoni. Mimi natandika mkeka, nasema leo atanifikia. Ningeanzaje kukwambia habari za nguo zangu? Lakini ungeuliza kwa kazi, ningejibu."

Husna akapiga magoti. "Nisamehe, Mama."

"Niulize."

Akachukua karatasi, akauliza. Darasa la nne. Chasu, yaani Kipare. Wa kuomba ruhusa hana, mume alishakufa. Zahanati ni mbali? "Si bati lake hilo linalong'aa hapo?"

"Na kwa nini hukwenda kupima?"

Bi Mwanaasha alimvuta mjukuu, akamlaza ubavuni.

"Andika hakuulizwa."

Husna akaandika.