Mkongojo Kortini Kajiado

Juzi katika korti ya Kajiado, afande wa trafiki alisoma ripoti yake ya ajali: mama mmoja alikimbia mbele ya lori pale Kitengela, likamgonga. Ikikubaliwa, mama hapati fidia.

"Ulimwona akikimbia?" wakili wa mama akauliza.

"Hapana. Niliambiwa na dereva."

Mama akainuka, akamnyooshea dereva mkongojo wake. "Kwetu Maasai, mwenye maneno hushika rungu, akasimama, akasema mwenyewe. Si uko hapa? Shika hii, useme!"

Dereva akakazia macho viatu vyake.

"Hayo maneno ya dereva nayatoa kwenye ushahidi," hakimu akasema.

Kortini sisi wasikilizaji husimama hakimu akiingia. Siku hiyo, mama alipotoka akigonga mkongojo sakafuni, benchi letu lote lilisimama, na hakimu hakuuliza kwa nini.