Asante, Nimeshiba

Jumamosi mchana nilikuwa kwenye hoteli moja hapa Pioneer, Eldoret, nikingoja samaki wangu. Kwenye meza iliyo karibu waliketi wazungu watatu na sinia ya nyama choma. Mmoja wao, mwanamke, alinigeukia akasema, "Karibu tule."

"Asante, nimeshiba," nikajibu, kama tulivyofunzwa sote tangu utotoni.

Akapita mama mmoja na kikapu chake, naye akakaribishwa. Mama akasimama, akaiangalia ile nyama, akaweka kikapu chini. "Haya basi. Maji ya kunawa iko wapi?"

Wageni wakatazamana. Kisha yule mwanamke akainuka, akamvutia kiti, akamnawisha mwenyewe. "Mama," akasema polepole, "huu ni mwaka wangu wa tatu hapa. Nakaribisha watu kila siku. Wewe ndio wa kwanza kukaa."

"Na hao wengine husema nini?" mama akauliza, akichovya nyama kwenye chumvi.

"Wameshiba."

Tunajisifu sana kwa kukaribisha wageni. Kukaribishwa nao bado kunatushinda. Nilikuwa nikiwaza hayo weita alipoweka sahani mbele yangu, akasema kwa sauti, "Pole, mzee, najua njaa imekuuma."

Mama akageuka kunitazama.