Malengelenge ya Dawa ya Usingizi

Wakati nilikuwa mutoto wa miaka tisa, tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizi ku Congo, mwaka ulikuwa haujaisha. Kwetu Nyakarenzo kila muntu alikuwa anaogopa chakula ya jirani. Bakikupa kinywaji, mwenye nyumba anaonja kwanza, na weye unaangalia koo yake kama imemeza kweli. Ile ndiyo ilikuwa heshima.

Apandisi, ile ya kidole-tumbo, ikanishika. Ku hospitali banitia dawa ya usingizi ku mushipa wa mukono, banipasua tumbo. Kesho yake ule mukono ukaota malengelenge makubwa, yamejaa maji, sawa vile muntu alinimwangia mafuta ya moto.

Koko, mama ya papa, ndiye alinilea. Aliangalia ule mukono, akasema polepole:

"Karuho hii."

Karuho ni sumu bantu banawekea wenzao ku chakula. Na batoto bote ba kwetu balijua: mwenye karuho akipigwa sindano, karuho inaamka; akipigwa tena, anakufa palepale.

Sasa kidonda ya tumbo ilikuwa imeanza kunuka. Homa ilipanda mpaka meno zinagongana. Infirmie, muuguzi wa zamu, akaja na serengi ya sindano, Koko akasimama mbele ya kitanda.

"Huyu hapigwi tena."

"Maman, bila hii dawa ya kidonda mutoto ataenda."

"Na akipigwa?"

"Malengelenge ililetwa na dawa ya usingizi. Bantu bachache sana, ngozi yao inaikataa. Itapona."

"Weye nakujulia wapi? Onja kwanza!"

Bagonjwa bakacheka. Mama wa kitanda ya pembeni akasema: "Ee Koko, unafikiri hii ni pombe ya kasiksi?"

Infirmie hakucheka. Aliniangalia vile natetemeka, akainua serengi, akadondosha matone mbili ku ulimi yake mwenyewe. Uso ikajikunja. Akameza. Chumba yote tunamuangalia tu kama ataanguka.

Koko akasogea pembeni.

Sindano ikaingia. Nilifunga macho, nikangoja kufa. Nikangoja sana. Kulala ndiko kulikuja.

Leo najua ulimi haionyeshi kitu: dawa inaweza kupita ku kinywa bila shida na ikaharibu ngozi ya mukono. Infirmie alijua ile. Nafikiri hata Koko alijua kidogo. Lakini alikuwa amezika bantu bake ku njia ya pori, tukikimbia, na maneno mazuri alikuwa ameyasikia mengi. Alitaka tu aone kama kuna muntu anaweza kubeba ile woga pamoja na yeye.