Maji ya Kwao Raheli

Ukitaka kumkasirisha Mzee Ezekieli wa Utemini, mwambie maji ya Singida mjini hayana neno. Atakuletea birika lake ulione, ndani limeota ukoko mweupe mgumu kama simenti. Atakueleza maharage yanavyogoma jikoni huku mkaa unateketea, na sabuni inavyokatikakatika kwenye beseni badala ya kutoa povu. Na kama unamjua vizuri, utajua anamfikiria mkewe.

Raheli alizaliwa Misigiri, huko Iramba, na nyuma ya kwao kulikuwa na chemchemi ya maji laini. Ukigusa sabuni kidogo tu, povu linafika viwikoni. Siku Ezekieli alipokwenda kumchukua, mama mkwe alimtazama kijana huyo dereva, shati limepigwa pasi mpaka linakata, akamwambia wazi hofu yake: binti yangu hajazoea maji ya chumvi. Ezekieli, na ujana wake ule, akajibu mbele ya wazee wote, "Mama, Raheli ataoga maji ya kwao mpaka siku nitakayoshindwa kushika usukani." Watu wakacheka. Vijana wanaooa husema mengi.

Lakini huyu alimaanisha. Alikuwa anaendesha lori la vitunguu kwenda Mwanza, na kila akirudi alilisimamisha Misigiri, akashuka na dumu la njano, akateremka mpaka kwenye chemchemi. Utingo alinung'unika mpaka akachoka. Akifika kona ya Utemini anapiga honi, na Raheli anatoka mbio, kanga inamponyoka, anacheka kama msichana. Loo, siku zile! Jumapili asubuhi ua mzima ulinukia sabuni. Raheli nywele zimelowa, zinang'aa, anaimba pambio huku anamsugua mtoto wao Chediel masikio kabla ya ibada. Ezekieli yeye alioga ya bomba, akatoka ngozi imepauka kana kwamba kamwagiwa unga. Raheli akimsogezea walau kata moja ya maji yake, anakataa. "Mimi mtu wa barabarani bwana, maji yoyote yananitosha."

Sasa macho yake yameingia ukungu, na lori wanaendesha wengine. Dumu linaning'inia stoo, limekauka mpaka mfuniko umepasuka. Raheli hakuwahi kulalamika, na hilo ndilo lililomuuma mzee. Angelalamika, wangegombana yakaisha. Ingawa usukani ulikuwa umemshinda kweli, alijiona mwongo mbele ya mama mkwe aliyekwisha kufa zamani, na mwongo zaidi mbele ya Raheli, anayefua kimya kimya na kusuuza nguo zilizogeuka rangi ya majivu.

Ndiyo maana Chediel, ambaye siku hizi ana kazi ofisini kule Nduguti, alipouliza baba anataka zawadi gani, mzee hakutaka redio wala blanketi. Alikuwa amesikia kuna mashine ya kulainisha maji. Akaitaka hiyo.

Mashine ikaja na fundi wake, Alphonce, kijana mwenye heshima zake. Akawapa wazee shikamoo, akakata bomba linaloingia ndani, akaunga mtungi mrefu, na pembeni akaweka pipa fupi. Kisha akafungua mfuko wa chumvi, akaumimina wote kwenye pipa.

"Weee!" Raheli akaruka. "Maji ya chumvi, na wewe unayatia chumvi? Makubwa haya!"

Alphonce akacheka. "Mama, chumvi ni jina tu tulilozoea. Kinachoua povu ni chokaa. Kwenye huu mtungi kuna punje zinazoikamata, na hii chumvi ni ya kuziosha punje zikishajaa. Maji machafu yanatoka kwa mpira huu, yanamwagika nje."

"Mh! Haya. Baba Chediel, mashine ni yako. Jaribu mwenyewe."

Mzee akajaza karai maji ya bombani. Akavua shati pale pale uani, akainama kwenye karai, akajipaka sabuni kichwani na mikononi. Povu! Povu jeupe mpaka masikioni. Moyo ukamruka kwa furaha. Akajimwagia maji. Akajipapasa, bado anateleza. Akajimwagia tena, akasugua, wapi! Mikono inateleza kama kambale. Akajimwagia mpaka karai likabaki na maji ya chini tu, na furaha yote ikamwishia.

"Alphonce," akasema kwa sauti ndogo, "mmeniharibia maji. Sabuni haitoki."

Alphonce akafungua mdomo ajibu, lakini Raheli alikwisha kufika. Akatumbukiza mkono kwenye karai, akasugua vidole. Akasugua tena, taratibu. Kicheko kikamshika mpaka akaegemea ukuta.

"Sabuni imetoka zamani, baba wewe! Utelezi huo ndio wenyewe. Ndivyo yalivyo maji ya kwetu!" Halafu kicheko kikakatika. Akamtazama mzee wake, kifua wazi, maji yanamchuruzika kidevuni. "Baba Chediel. Miaka yote ile unanibebea, hukuwahi kuyaoga hata mara moja?"

Mzee akajifuta uso kwa kiganja.

"Yalikuwa yako," akasema.

Raheli alitokwa na machozi mbele ya fundi, wala hakuyaficha. Akaingia stoo, akatoka na dumu la njano, akalisuuza vumbi, akalijaza bombani mpaka likafurika. Akavuta kigoda kwa mguu.

"Kaa hapa, uiname," akamwambia. "Haya ni yako."