Pilote Imekufa

Sikusimuliwa, nilikuwepo. Benchi lenyewe bado ninalo. Ukipita Bunia nitakuonyesha, na sitakulipisha.

Wakati wa vita nilikuwa natengeneza ordinatere, yaani kompyuta, karibu na soko. Saa sita mchana, jua kali, akaingia kijana, shati limelowa chapachapa. Akaketi, akafungua kikwembe: ordinatere ya kubeba.

“Inaganda,” akasema. “Mama atakuja kuichukua.”

“Niandike jina gani?”

“Pilote.”

Nikacheka. “Nimeuliza jina, si ugonjwa! Weye ni fundi?”

Maana kwetu sisi mafundi, pilote ni ile programu ndogo inayosemesha mashine na viungo vyake: sauti, picha, panya. Ikiharibika, mashine nzima inasimama kama imeona askari.

Nikataja bei ya kuruka. Hakubishana. Mtu asiyebishana bei Bunia! Nilipaswa kumshuku hapo hapo. Nilipoinua macho, hayupo. Benchi lilikuwa maji matupu.

Mashine ilikuwa na sauti moja iliyorekodiwa. Kila nikiifungua, inaganda. Nikaiwasha bila pilote hata moja: ikatulia. Nikazirudisha mojamoja. Ya picha, sawa. Ya sauti, ikaganda. Nikarudia yote, maana mimi kitu sikiamini mara moja. Ni ile ile.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa akipita na beseni la mboga ya sombe akasimama mlangoni.

“Kikwembe hiyo ni yangu. Nusu iko kwangu, hapa mtaa wa Saio, nusu nilimuachia mutoto wakati tulikimbia kutoka Fataki, yeye akabaki nyuma. Kila lori ikifika naenda kumuangalia. Iko wapi?”

“Alikuwa hapa sasa hivi, mama! Ngoja kidogo, bado sijamaliza. Pilote imekufa.”

“Pilote… imekufa?”

“Kabisa, mama. Usisikitike, tutaweka ingine.”

Beseni likaanguka. Kwa Kiswahili chetu mtu imekufa, mashine imekufa, ningejuaje? Pilote lilikuwa jina la mwanawe. Mama mwenyewe alimpa, yaani rubani, alipokuwa mdogo akitengeneza ndege kwa mabua ya mtama.

Majirani wakanitukana, nami nikaapa kwamba nimemwona mzima. Jioni wakafika watu wa Fataki. Pilote alizama akivuka mto, wakasema, siku kadhaa nyuma, na mzigo wake kichwani. Mzigo gani? Ordinatere, imefungwa kwenye kikwembe.

Niamini: mashine ile ilikuwa kavu.

Nikaweka pilote nyingine ya sauti. Haikuganda tena; ikatoka sauti ya yule kijana: “Mama, niko njiani. Usifunge mulango.”

Mama akasikiliza bila kulia. Tangu siku ile, pale Saio, risasi zilie zisilie, mlango wake haufungwi. Nilimwomba afunge. Akaniambia, “Weye ulimuona. Mimi bado.”

Upande ule wa benchi haukauki mpaka leo. Nawe, akikujia mtu amelowa siku ya jua, muulize jina, halafu muulize tena. Mimi ninayerudia kila kitu, jina tu sikulirudia.