Mpira wa Chakula Langoni kwa Patron

Kwa miaka mitatu nilipika katika nyumba ya mtu mmoja hapa Kolwezi, mwenye malori ya kubeba madini kutoka Fungurume. Tulimwita patron, yaani bosi, naye alipenda sana kuitwa hivyo. Alikuwa na mbwa jike mkubwa, wa rangi ya udongo. Alimfunga langoni kwa mnyororo mfupi tangu asubuhi mpaka jioni, kisha akashangaa kwa nini anabweka.

Majirani walipozidi kulalamika, alimwita mtaalamu kutoka Lubumbashi. Yule bwana alieleza kwamba mbwa amechoka kukaa bure: afunguliwe, atembezwe, na apewe mpira mgumu wenye tundu, uliojazwa chakula, ili apate cha kushughulika nacho. Patron alisikia habari ya mpira tu. Kutembeza mbwa, alisema, ni kazi ya watu wasio na gari.

Kuujaza mpira kukawa juu yangu. Nilichanganya bukari ya jana, ndio ugali wetu, na ndagala, wale dagaa wadogo, nikashindilia kwa kidole, nikauweka kwenye friji ugande. Ulimsaidia kweli. Alilala chini, akaushika kwa miguu ya mbele, akalamba taratibu, na masikio yaliyosimama siku nzima yakalegea. Alikuwa na subira kumpita mwenye nyumba. Lakini chakula kikiisha, mnyororo ulikuwa palepale, naye akaanza tena kubweka.

Kila mgeni alipelekwa langoni kuonyeshwa ule mpira, utadhani patron ndiye aliyeubuni. Jumapili moja, baada ya misa, alikuja na wageni wanne. Akainama, akauvuta kinywani mwa mbwa ili waone tundu. Mbwa akanguruma. Mtu yeyote mwenye akili angeacha. Yeye akacheka, akavuta tena, na mbwa akamuuma mkono.

Nilimfunga patron kitambaa, lakini huruma sikuwa nayo. Alikuwa akisema mbwa ana kichaa, ataita polisi aje ampige risasi.

“Tata, hii imbwa haina kichaa,” nikamwambia mbele ya wageni wake. “Ulimunyanganya chakula mu kinywa. Hata mi ningekuuma.”

Wageni wakatazama viatu vyao.

“Basi, mama, ubebe hiyo imbwa yako,” akasema, “na kazi usirudie.”

Nikamfungua mbwa, nikamfunga kipande cha kitenge shingoni, tukatoka. Alinusa kila ukuta mpaka tukafika kwangu jua likizama. Mpira sikuwa nao. Nilitoboa chupa ya plastiki ya mafuta, nikatia ndagala kavu ndani, naye kila jioni anaisukuma uani kwa pua mpaka samaki wa mwisho adondoke, halafu analala.

Siku hizi nauza chakula kando ya barabara ya malori. Dereva mmoja wa patron aliniambia bosi wake amenunua mbwa mwingine, amemfunga palepale, na lile kovu la mkononi anawaonyesha wageni akisema alipigana na mwizi.